Sikio la Kulia Liwe Juu

Kahama, jioni ya kuamkia safari yako

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na Minza mgongoni, mmekwenda kumuaga Bwana Jayanti na mkewe, na najua hamtarudi upesi kwa sababu mama yule hamwachii mgeni aondoke bila kumnywesha chai ya tangawizi ya kuunguza koo. Hali yangu si nzuri, nitakueleza. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na maji ya ugali sijabandika. Mkirudi na njaa mtanisamehe.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kukaa mbali na vijana wa machimboni. Umri wa kuambiwa hayo umekupita, na hilo la vijana nilikuambia kwa wakati wake hukulishika, Minza ni shahidi wangu. Usinune. Natania ili mkono uzoee kalamu.

Nataka nilijibu lile neno lako la leo mchana. Tulikuwa tunapepeta mchele, ukasema bila kuniangalia, "Mama, Minza atabaki na wewe. Nitakuwa namjia kila mwisho wa mwezi, na matumizi yake nitampa kondakta alete." Nikasema, "Sawa." Nikaona mabega yako yanashuka, nikajua ulikuwa umelibeba neno hilo tangu siku ulipopata kazi. Ukweli ni kwamba moyo wangu ulifurahi, Kabula. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Nilishajiona nalala na mtoto kifuani, namsuka nywele Jumapili, nampeleka chekechea mwenyewe. Kisha nikamwaga pumba, nikaingia ndani, nikakaa kitandani, na furaha yote ikaniishia. Ile "sawa" si jibu langu. Jibu langu ni barua hii, nayo itakuwa ndefu kwa sababu sehemu moja ya habari hii huijui, na ni mimi niliyeificha.

Kazi unayoiendea unaijua kuliko ninavyoijua mimi sasa. Utakaa na makabati ya kompyuta ya Bwana Jayanti kwenye ofisi za wale wenye mgodi mpya upande wa Geita, utayatunza, na wao watalipa kila mwezi bila kununua hata waya mmoja. Siku hizi watu wanaelewa ukiwaambia hivyo. Mimi nilipoanza, nilionekana tapeli.

Baba yako alikuwa amefuata dhahabu, akapata mke mwingine kabla hajapata dhahabu. Chama cha ushirika nilikokuwa karani wa pamba kilikuwa kimetupunguza kazini. Bwana Jayanti akaniita dukani kwake. Alikuwa na mpwa wake Dar es Salaam aliyejua kuandika programu, na wazo lao lilikuwa hili: wafanyabiashara wa huku hawana fundi, umeme wao unakatika, vumbi lao linaua mashine, na kompyuta ni ghali. Basi wasinunue. Sisi tuwawekee kabati la chuma ndani ya duka lao, ndani yake kompyuta, feni na betri za kushikilia umeme ukikatika. Mteja abaki na kioo na kibodi cha kuandikia, aingize magunia yake, mishahara yake na mauzo yake. Kufuli liwe letu. Mara moja kwa wiki mtu wetu aende afungue, apulize vumbi, anakili kazi yote kwenye disketi na kuileta Kahama, na kama mpwa ametuma programu mpya, aipakie kwa wateja wote, wote wawe sawa. Mtu huyo alitakiwa asiyechoka mabasi. Nilikuwa mimi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Shija wa Kagongwa, ambaye wewe unamwita bibi. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga na stoo iliyojaa magunia ya watu, na alikuwa akigombana nao kila msimu, gunia la nani ni lipi. Nikamweleza habari za kabati. Akanisikiliza huku anatafuna mhindi wa kuchoma.

"Nikilipa mwaka mzima litakuwa langu?"

"Halitakuwa lako, mama."

"Nikilipa miaka mitano?"

"Hapana."

"Sasa mimi nanunua nini, mwanangu? Hewa?"

Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikachukua kapu langu niondoke. Hapo ndipo likanijia. Nikamwambia, "Mama, kwenu hamjawahi kulishiwa ng'ombe?" Akanicheka. Msukuma gani hajui kulishiwa ng'ombe? Mtu mwenye mifugo mingi hupeleka baadhi wakakae zizini kwa mwingine. Mlishaji anakunywa maziwa, anapata samadi, na siku moja atapewa ndama wa shukrani, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Nikamwambia, "Basi hilo kabati ni ng'ombe wa Jayanti. Litakaa kwako, maziwa ni yako. Likiugua, unaniita mimi." Akatupa bunzi la mhindi, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Sasa umesema Kiswahili."

Bwana Jayanti aliposikia alifurahi mno. Kisukuma chake unakijua, kinawashinda wengine waliozaliwa nacho, akawa anawaeleza wateja hivyo hivyo kwa Kisukuma na wanakubali. Tukaweka kabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukaweka kwenye nyumba ya wageni, tukaweka kwa mnunuzi wa pamba. Kazi ikawa nyingi. Na wewe ulikuwa darasa la tatu, hapakuwa na mtu wa kukupikia ukirudi shule.

Nikakupeleka Kharumwa kwa mama yangu, Bibi yako wa damu. Unakumbuka siku ile? Mimi naikumbuka. Ulivaa gauni la njano, na Bibi alikupokea begi kabla hata hajaitikia shikamoo yako. Nikamwambia, "Mama, nakuachia kwa muda." Akasema, "Mtoto hana shida kwangu." Nikarudi na basi lilelile kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu ya Kagongwa.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Kila Jumanne nilikuwa kwa Mama Shija. Alhamisi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mvua inyeshe, basi likwame, nishuke nisukume na wanaume, kandambili zibaki kwenye tope, nilifika. Feni ikilia tofauti kidogo niliisikia nikiwa mlangoni. Lakini Kharumwa hatukuwa na mteja, kwa hiyo sikuwa na safari. Nilikuja Krismasi. Nilikuja shule zilipofungwa, tena si kila zilipofungwa. Katikati nilituma sukari na sabuni kwa kondakta, na kondakta alirudi na neno lilelile la Bibi: hana shida. Nililipenda neno hilo. Lilinifanya nilale.

Krismasi ya pili nikafika na viatu vyako vipya. Ulikuwa umekaa uani unabangua karanga, umenipa mgongo, na kulia kwako jirani anatwanga kwenye kinu. Nikaita, "Kabula." Kimya. Nikaita tena, kwa sauti, majirani wakageuka, wewe hukugeuka. Nikadhani umenikasirikia. Nikadhani mtoto wangu amekuwa na kiburi, kwamba amefundishwa kunidharau. Nikakujia kwa nyuma nikakuzaba kibao. Uliruka, karanga zikamwagika, ukaniangalia ukiwa hujui umefanya nini. Kisha ukasema, "Shikamoo mama." Bibi alikuwa mlangoni ameshika mwiko. Aliinama akaanza kuokota karanga.

Hilo la kibao unalikumbuka, najua. Uliwahi kumsimulia jirani hapa ukicheka, kwamba mama alikuja na viatu na kibao siku moja. Mimi nilikuwa ndani nasikia, na sikucheka.

Ukaja msimu wa mvua kubwa. Bati la stoo ya Mama Shija likavuja, maji yakaingia kwenye kabati, kompyuta ikagoma kuwaka. Ilikuwa siku chache kabla ya zamu yangu. Angetuma mtu Kahama ningekwenda siku hiyohiyo, Kagongwa ni pua na mdomo. Hakutuma. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilimwambia ni ng'ombe, na mlishaji wa ng'ombe ana aibu yake. Mnyama wa watu akianza kukohoa zizini kwako, humkimbilii mwenyewe asije akasema humlishi vizuri. Unamtibu kimyakimya, unamwombea apone kabla mwenyewe hajaja. Mama Shija akaona kabati lina baridi na unyevu, akawasha jiko la mkaa, akaliweka chini ya kabati likauke. Likakauka kweli. Waya zote ndani zikayeyuka.

Siku iliyofuata nilikuwa dukani na Bwana Jayanti, nikaona Mama Shija anashuka kwenye pikapu ya mpunga na kitu kikubwa kichwani, kimefunikwa kanga. Akakitua kwenye sakafu, akakifunua. Ulikuwa mlango wa kabati letu, umeng'olewa kwenye bawaba, umebabuka rangi, na kufuli langu bado linaning'inia. Akasema, "Nimeleta ngozi."

Ndivyo desturi inavyotaka. Ng'ombe akikufia, unampelekea mwenyewe ngozi, asije akadhani umemuuza au umemla. Bwana Jayanti alicheka hadi akakaa chini. Na mimi nilicheka, nikamwambia, "Mama Shija, si ungeniita tu? Kila Jumanne nakuja nakuuliza, unaniambia haina shida."

Yeye hakucheka. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye mashine yake na stoo yake, na amesimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Akasema, "Mlishaji husema hivyo. Wewe huna cha kwako ulichokiweka kwa mtu?"

Nikasema, kwa mzaha tu, "Nina binti yangu, yuko kwa mama Kharumwa."

"Unamtazama lini?"

"Hana shida yule."

"Nani kasema?"

Nikainama nikafungua kufuli langu kwenye ule mlango. Mashine yenyewe tuliirudisha wiki ileile. Tulibeba kabati jingine, nikapakia disketi zilizokuwa Kahama, na Mama Shija akakuta magunia yake yote mahali pake, hakupotelewa na hata moja. Bwana Jayanti alinisifu mbele ya wateja. Mimi nilikuwa sisikii sifa. Nilikuwa naona mgongo wako na karanga.

Kesho yake nikapanda basi la Kharumwa bila ruhusa. Ulikuwa unachota maji kwenye mtungi. Nikasimama nyuma yako upande wa kulia nikakuita taratibu, ukageuka ukatabasamu. Nikakupa embe. Nikangoja hadi umejisahau, nikasimama upande wa kushoto nikakuita vilevile. Ukaendelea kula. Nikasugua vidole karibu na sikio lako, ukapunga mkono ukidhani nzi. Nikakaa chini pale pale kwenye tope la mtungi.

Bibi alinieleza bila kuzunguka. Sikio lilianza kutoa usaha tangu mwaka uliotangulia. Akalitibu kwa majani na mafuta ya vuguvugu, kama alivyonitibu mimi nilipokuwa mdogo nikapona. Likapoa, likarudi, likapoa, likarudi. Usiku ulikuwa unalia, naye anakubeba anazunguka na wewe uani, mtoto mkubwa vile. Mwalimu alikuwa anakuchapa kwa sababu huitikii jina, naye akaenda shuleni kumwomba akukalishe mbele. Nikamuuliza, "Mayu, mama yangu, kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Uliniletea mtoto mzima. Ningekuambiaje?"

Maneno niliyomwambia sitayaandika yote. Moja nitaliandika. Nilimwambia, "Umeniulia sikio la mtoto." Nilisema uani, watu wanasikia. Mama yangu aliyekubeba usiku kucha wakati mimi nalala Kahama kwa amani nikiota feni. Nikafunga nguo zako ndani ya kanga tukaondoka na lori la mpunga, na sikumwangalia nyuma. Wewe uliangalia nyuma. Ulimpungia hadi barabara ikakunja.

Daktari alisema tumechelewa. Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko angenigombeza. Nikatoka pale nikiwaza disketi. Kila gunia la Mama Shija lilikuwa na nakala Kahama, hata lingeungua mara ngapi ningelirudisha. Sikio lako halikuwa na nakala popote.

Siku moja baada ya mavuno nikasikia hodi. Alikuwa Bibi, amekuja na basi, yeye ambaye mabasi yalimtapisha. Alikuwa na furushi. Akalifungua mlangoni: blanketi lako, kikombe chako cha bati, kijembe chako kidogo cha kulimia karanga, na gauni la njano ambalo halikukuenea tena. Akasema, "Nimeleta vyake vyote, isije ikasemwa nimebaki na kitu." Wewe ulikuwa shule. Nilimwambia karibu ndani. Nilisema kwa mdomo tu, na yeye alikuwa mtu mzima, aliijua karibu ya mdomo. Akaomba maji, akanywa amesimama, akauliza unakula vizuri, akarudi stendi. Nilikuwa nimeshika lile blanketi, na nilijua kabisa ni nini nilicholetewa. Nilikuwa nimekiona kwenye sakafu ya duka la Jayanti. Angalau Mama Shija tulimpa kiti.

Masika yaliyofuata Bibi akafa. Tulikwenda kuzika, ukalia wewe, watu wakakubembeleza. Mimi nilipika chakula cha waombolezaji siku zote za msiba ili nisikae na wanawake wenzangu, maana wangeniuliza mlipatana lini.

Hili ndilo ulilokuwa hulijui. Miaka yote hii ukiulizwa habari za sikio unasema, "Bibi alinitilia dawa za kienyeji." Unasema bila hasira, umemsamehe, wewe una moyo mwepesi ambao sijui umeutoa wapi. Lakini hakuwa na deni la kusamehewa. Ningekuwa nakuja kila Jumanne, au hata mara moja kwa mwezi nikakaa siku mbili, ningeona usaha kwenye mto wako. Bibi alikuwa mlishaji tu, akafanya kama walishaji wote wanavyofanya. Mwenye mali ndiye aliyekuwa hayupo. Nilikuacha umlaumu marehemu kwa sababu marehemu hajibu, na mimi nilikuwa hai na nilitaka unipende.

Na usidhani sikujaribu kukuambia. Nilijaribu mara nyingi. Tukikaa hapa nje jioni tunachambua mchicha, nilikuwa nakaa kushoto kwako. Tukitembea kwenda kanisani, kushoto kwako. Nilikuwa nasema polepole, "Nisamehe, ng'wanawane, mwanangu, lile sikio ni langu mimi." Nilisema yote, hata ya Bibi na furushi. Wewe unaendelea na mchicha, au unageuka unauliza, "Umesemaje, mama?" Nami najibu, "Nimesema jua linazama." Nimekuomba msamaha miaka kadhaa, Kabula, upande usiosikia.

Sasa ndiyo maana siwezi kumpokea Minza.

Najua utasema wewe si mimi, na mimi si Bibi, na siku hizi kuna hospitali. Utasema utakuja kila mwisho wa mwezi. Utakuja wa kwanza na wa pili. Kisha mashine itaharibika kule mgodini mwisho wa mwezi, mishahara ya watu haijatoka, bosi amesimama mlangoni, na utasema wiki ijayo. Na wiki ijayo utatuma sukari. Na mimi je? Minza akianguka akapasuka, akikohoa, akiacha kula, nitafanya nini? Nimejiuliza leo pale kitandani bila kujidanganya. Nitakaa kimya. Nitamtibu mwenyewe, nitaomba apone kabla hujaja, maana kwako wewe, kuliko kwa mtu mwingine yeyote, siwezi kusema kwamba mtoto uliyeniachia anaumwa. Kondakta akiniuliza nitamwambia hana shida. Neno hilo limeshanikaa mdomoni kabla hata hamjaondoka.

Kwa hiyo mchukue. Nimekwenda kwa Bwana Jayanti leo baada ya mchele, ndiyo maana nilichelewa kurudi. Nimemwambia hutalala kambini kule mgodini, akupangie chumba Geita mjini. Akanuna, akasema mkataba ni kambini. Nikamwambia, "Bwana Jayanti, miaka yote hii nimekutunzia ng'ombe wako, na ndama wangu sijamwona." Akasema atampigia simu mpwa wake, na kabla sijatoka alikuwa ameshampigia. Chumba kipo. Yumkini sasa hivi anakuambia mwenyewe huku unakunywa chai ya kukuunguza. Binti wa Mama Shija ameolewa mtaa wa pili huko huko Geita, mchana atashinda na Minza pamoja na wake. Hilo sina ugomvi nalo. Mchana mtoto anaweza kuwa wa watu wengi. Usiku alale kwako.

Itakuwa shida. Utakwenda kazini na maziwa yaliyomwagika begani, watakuona si mtu wa maana. Kuna siku utanilaani kwa barua hii. Nilaani tu, lakini umlaani mama yako huku mtoto yuko miguuni kwako.

Jambo moja la mwisho, halafu nikabandike maji. Nimekuangalia usiku tangu Minza azaliwe. Ukichoka sana unalala ubavu wa kulia, sikio zima linazama kwenye mto, dunia yote inakunyamazia, na Minza akilia naamka mimi. Nilikuwa napenda kuamka. Nilikuwa nasema moyoni, mwache alale, hii zamu nailipa mimi. Sasa kule hakuna wa kuamka. Lala ubavu wa kushoto, mwanangu. Sikio la kulia liwe juu.

Nguo za Minza nimezifunga kwenye lile begi la kijani, na chini kabisa kuna kikombe cha bati. Ni kile chako. Awe anakunywea uji.

Nyumba itakuwa kimya, sikufichi. Nilizoea kusema ovyo kushoto kwako, sasa nitasema na ukuta. Jumanne nitakwenda Kagongwa kama kawaida, Mama Shija ataniuliza habari zenu, na nitamwambia sijui, naona siku mbili hizi sijapata habari. Nataka niwe naweza kusema hivyo, badala ya kusema hawana shida.

Nasikia geti. Minza anaimba, kwa hiyo amepewa pipi kabla ya chakula. Barua hii nitaiweka kwenye begi la kijani uisome ndani ya basi, lakini isiwe imesema peke yake. Yote niliyoandika hapa nitayasema kesho stendi kwa mdomo wangu, hata kondakta akipiga honi, hata watu wakisikia. Nitasimama upande wako wa kulia.

Mama yako